Tawi Nililolimenya kwa Meno

Harufu ya majani ya mkaratusi yaliyopondwa hunikuta popote nilipo. Juzi ilinikuta ofisini kwetu, mtaa wa Kigobe, mwenzangu wa meza ya jirani alipofungua kikopo cha dawa ya mafua na kujipaka chini ya pua. Papo hapo meno yangu ya mbele yakashikwa na ganzi, ulimi ukajaa uchungu, nikajiona tena nina miaka kumi, miguu mitupu, nimesimama njiapanda juu ya vilima vya Gihosha na tawi bichi mkononi. Mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni mafua tu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa refu mno kwa saa nne ya asubuhi, na kwa sababu ni jambo nililolidanganyia karibu maisha yangu yote. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi hata kidogo. Nimeitembea miaka mingi, na karibu safari nzima watu walikuwa wakinishukuru.

Mwaka ule mama alikuwa na mimba yenye matata, daktari akamwamuru alale kitandani asinyanyue hata sufuria. Baba alikuwa akishinda Gatumba, mpakani, kwa kazi zake, akaona hatamudu mgonjwa na watoto wawili wa kike. Basi mvua za masika zilipoanza akatupandisha mlimani kwa Bibi, mimi na mdogo wangu Spesioza, ambaye sote tulimwita Spesi. Yeye alikuwa na miaka saba. Bibi, mama yake mama, alizaliwa kule kule kilimani, akaolewa Buyenzi na fundi wa magari, akakaa mjini hata Kiswahili kikawa ndicho alichootea ndoto. Babu alipofariki akarudi kulima shamba la wazazi wake. Ndiyo maana alisema nasi Kiswahili cha Buyenzi. Kirundi chetu sisi watoto wa mjini, alisema, ni maharage yasiyoiva. Siku ya kwanza Spesi alipouliza redio iko wapi, Bibi alicheka hadi akashika kiuno. "Redio mi sina," akasema. "Hapa mutasikiliza mvua."

Na mvua tuliisikiliza kweli. Ilinyesha usiku, ikanyesha alfajiri, na ilipokatika ukungu ulipanda kutoka kwenye makorongo ya mto Ntahangwa na kukaa juu ya mashamba hadi karibu adhuhuri. Kila asubuhi tulikwenda shambani. Njia ilitoka nyuma ya nyumba, ikapita kwenye migomba, ikakata mashamba ya mihogo na maharage ambayo jirani mmoja hutenganishwa na mwingine kwa mstari wa majani ya ng'ombe, ikateremka hadi kijito chenye magogo mawili ya kuvukia, kisha ikapanda na kuingia kwenye mikaratusi. Ile miti ilipandwa na watu, kwa mistari, lakini ukungu ukishuka hata aliyeipanda asingejua mstari wake. Magome marefu yaliyobanduka yalining'inia na kusuguana, yakatoa sauti ya mtu anayejikuna mgongo taratibu, mahali usipomwona. Spesi aliichukia sauti ile. Alinishika nguo, akaniuliza maswali mfululizo ili asiisikie, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mkono wa kushikwa na kinywa cha kujibu.

Anayetangulia kwenye njia za kule ana kazi mbili. Kwanza anakula umande: majani marefu yanamlowesha yeye ili wanaofuata wapite wakavu. Pili, akifika njiapanda, anavunja tawi bichi na kulilaza likingame kwenye njia asiyoipita. Anayekuja nyuma akiliona anajua si huku. Hiyo wanaiita kuziba njia. Wanawake wanaokwenda kulima hufanya hivyo, na wanaume wanaoteremsha mgonjwa zahanati kwa machela ya kusuka hufanya hivyo, ili wenzao wanaokimbia nyuma kuwapokea mzigo wasipotee. Tawi likishalazwa haliguswi, linaachwa linyauke lenyewe. Bibi alitufundisha siku ya pili, amekunja uso kama padri. "Tawi haichezewi," alisema. "Mutu akiiona, anaiamini. Siku watu wataacha kuiamini, sisi wote tutapotea." Mimi kwa kuwa mkubwa nilipewa kazi ya kutangulia. Nilijivunia, nikaongeza na mtindo wangu mwenyewe: kila tawi nililovunja nilimenya mwisho wake kwa meno hadi weupe uonekane, ili ijulikane ni langu, la Goreti. Bibi aliona zile alama za meno akaniuliza kama mimi ni mbuzi.

Njiapanda kubwa ilikuwa pale mikaratusi inapokwisha. Njia ya kushoto ilizunguka ubavu wa kilima hadi shambani kwetu. Ya kulia iliteremka kwenye kigabiro. Kigabiro ni kichaka cha miti mikuu iliyobaki mahali palipokuwa na boma la mkubwa fulani wa zamani. Boma lilishaoza, jina la mwenyewe watu hawalitaji, miti imesimama. Udongo wa kilima chote ni mwekundu, ila wa mle ni mweusi. Hakuna anayekata kuni mle wala kupiga mluzi. Na zaidi ya yote, hakuna anayemwita mwenzake kwa jina, kwa sababu, alisema Bibi, jina ukilitamka mule haulisikii we na mwenye jina peke yenu. Ukimtafuta mtu unapiga makofi mawili, naye akikusikia anajibu mawili. Nilimuuliza Bibi nani mwingine anayesikia. Akanitazama, akaendelea kuchambua maharage.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jirani yetu alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, Konsolata, msusi wa vikapu, mwenye vidole vyepesi na dharau nyingi. Nilimtaka awe rafiki yangu kuliko kitu chochote kile kilimani. Jioni moja akaniambia, "Kesho kuja ku kibanda cha shamba, nitakufundisha kusuka kifuniko. Lakini usimulete ule mutoto. Anauliza sana." Usiku kucha sikuwaza kingine. Asubuhi Bibi alinitanguliza na jembe na mbegu, akamwambia Spesi anifuate na kibuyu cha maziwa, yeye angekuja akishamfunga mbuzi. Nilitembea upesi, nikaona nimemwacha Spesi mbali. Pale njiapanda nilivunja tawi la mkaratusi, nikalimenya kwa meno kama desturi yangu, nikalilaza. Nilililaza kwenye njia ya kushoto, njia yetu wenyewe ya shambani, kisha nikaliruka na kwenda zangu. Nilijua Spesi angeliona, angelitii, angeshika njia ya kulia. Nilidhani ataingia hatua kumi kwenye kigabiro, ataogopa, atarudi mbio kwa Bibi akilia. Nusu saa tu ya kukaa bila yeye, ndiyo niliyoitaka.

Nilipata kifuniko cha mistari minne. Nilipohisi Bibi yu karibu kufika nilikimbia hadi njiapanda, nikalichukua lile tawi lisilopaswa kuguswa, nikalitupa bondeni. Ukungu ulikuwa umekwisha kupanda, mzito, wenye baridi ya chini ya mtungi. Nilirudi kibandani nikakaa. Bibi akatokea, peke yake. "Spesi yuko wapi?" akauliza. Nikasema sijui, alikuwa nyuma yangu. Bibi hakupaza sauti. Alimwagiza Konsolata akamwite mama yake na majirani, akachukua jembe langu, akanishika mkono, akanirudisha njiapanda kwa mwendo ambao sikujua kwamba anao. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshikwa mkono.

Pale kigabiro kinapoanza, kwenye tope jeusi, palikuwa na nyayo za mtoto zinazoingia. Ulikuwa mstari mmoja tu wa nyayo, na hakuna zilizotoka. Bibi aliinama akazitazama, kisha akatazama miguu yangu yenye udongo mwekundu hadi magotini. Tukaingia. Mle ndani ukungu haukusogea, ulikaa kati ya miti kama ndio mwenyeji na sisi wageni, na maji yalidondoka kutoka juu moja moja. Nilitaka kumwita mdogo wangu kwa jina, nikajiziba mdomo kwa kiganja. Bibi akapiga makofi mawili. Tukangoja. Kutoka chini upande wa kulia yakajibu mawili, membamba, ya haraka, nikajua ni Spesi, machozi yakanitoka. Kisha kutoka kushoto, karibu zaidi, yakajibu mengine mawili, polepole, ya viganja vikavu vya mtu mzima. Bibi akapiga tena, na tena pande zote mbili zikajibu. Aligeukia kushoto, akainamisha kichwa kidogo, akasalimu kwa Kirundi kwa sauti ya chini kama mtu anayepita uani kwa watu. Halafu akanivuta kulia.

Spesi alikuwa ameketi juu ya mzizi, kibuyu mapajani, wala hakuwa akilia. Mahali pale vijia vinne vilikutana, na kila kijia kilikuwa kimezibwa. Matawi manne mabichi, yanadondosha maji, yamekingamishwa vizuri. Hata kijia alichoingilia kilizibwa nyuma yake, mimi na Bibi tulilazimika kuliruka tawi ili kumfikia. "Njia yote imefungwa," Spesi alisema. "Basi nikakaa." Bibi akamkumbatia. Mimi nilikuwa nikitazama matawi. Yalikuwa ya mkaratusi, na mle hamna mkaratusi hata mmoja. Mwisho wa kila tawi ulikuwa umemenywa kwa meno hadi weupe. Nikapitiliza macho kwenye kijia cha mbele, kile ambacho mtoto aliyepotea angekishika kwa kuwa kilikuwa kipana, na hatua sita nyuma ya tawi hapakuwa na ardhi. Mvua ya usiku uliotangulia ilibomoa ukingo wa korongo, kijia kilikatwa kama mkate, na chini kabisa nilisikia maji.

Bibi naye alikuwa ameziona zile alama za meno. Akaniuliza, "Ni we uliziba?" Nyuma yetu sauti za majirani zilikuwa zinakaribia. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema niliziba moja tu, na hiyo moja ndiyo iliyomleta hapa. Nikasema, "Ndiyo, bibi." Tulipotoka Bibi alimpa mama Konsolata amshike Spesi, akabaki nyuma, akaburuta jembe langu juu ya lile tope jeusi mlangoni mwa kigabiro hadi nyayo zote zikafutika. Majirani walipouliza ilikuwaje, yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia: Goreti alimwona mdogo wake akipotea, akazunguka mbio, akamzibia njia asifike korongoni. Walinishika kichwa, wakanipigia vigelegele. Jioni, tukiwa wawili jikoni, Bibi akiwa anachochea moto, alisema bila kunigeukia, "Acha kumenya matawi na meno. Kuko mwenye alishajifunza." Hakulitaja tena jambo hilo hadi alipokufa.

Mama alijifungua salama mtoto wa kiume, tukarudi mjini, na hadithi ikateremka nasi. Ilisimuliwa kwenye ubatizo, ikasimuliwa kwenye posa yangu, na kila mara iliponoga nilitazama chini, watu wakasema tazama alivyo mnyenyekevu. Siku ya pili yake, kule kilimani, Bibi alinipa kuku jike mwekundu, zawadi ya shujaa, kwa kuwa majirani walitarajia anipe kitu. Sikuweza kumla wala kumgawa, nikamwacha kule kilimani. Spesi hakuwahi kusema lolote juu ya tawi la njiapanda, na mimi nilijiambia amelisahau. Alikua, akaolewa, akahamia Kamenge, akazaa binti. Akampa jina langu. "Juu ulinizibia njia," alinieleza sababu hospitalini, akaniwekea mtoto mikononi. Nilimpakata Goreti mdogo nikaona aibu mbele ya kiumbe cha siku mbili.

Siku hizi vile vijia vina wenyewe wapya. Jumapili vijana wa ofisini hupanda huko kwa matembezi wanayoyaita randone, na viatu vya rangi za pipi, chupa za maji, na simu zinazowaambia wako wapi. Nyumba za ghorofa zimekwisha kupanda nusu ya kilima, mikaratusi imebaki kiraka, na mtu mmoja amechora mishale ya buluu kwenye mawe. Sina ugomvi na mishale. Ila mshale haujui nani yuko nyuma yako. Kwa hiyo mwezi uliopita nilipoalikwa nilimwomba Spesi aje nasi, akaja na Goreti mdogo, ambaye sasa ana miaka mitano na maswali yote ya mama yake. Wenzetu walitangulia wakipiga picha. Nilipofika kwenye njiapanda ile, kigabiro kikiwa palepale, cheusi, hakijapungua hata mti, mikono yangu ilifanya kazi bila kuniuliza. Nilivunja tawi, nikalimenya, nikalilaza kwenye njia ya kulia. Mtoto alifika, akalichunguza. "Tanti, iyi ni ya we?" akauliza. Nikasema ndiyo, ni yangu. Akajaribu kumenya kijiti chake, akatema, akacheka.

Spesi alikuwa analitazama lile tawi. Nikaona nisiposema hapo, nitazikwa nalo. "Spesi," nilisema, "zile tawi za mule ndani, apana mimi. Sikuingia. Mi niliweka moja tu, hapa, ku njia ya shamba. Nilitaka upotee kidogo, nikae na Konsolata."

Hakushtuka. "Ile moja najua," alisema. "Nilikuona ukiiweka. Nilikuwa nyuma ya muti."

"Sasa mbona ulipita kule?"

"Juu ni we uliiweka," alisema. "Nilifikiri unataka nipite kule, basi nikapita." Kisha macho yake yakaenda kwenye kigabiro, na hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. "Lakini zile zingine nilizani ni za we. Mi sikulia juu ya zile. Nilisema, dada amerudi, ananizunguka." Alimwita mtoto kwa makofi mawili, kama tulivyofundishwa, akamshika mkono. "Nimemupa jina yako juu ya zile." Nililia mbele ya mdogo wangu, kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata kwenye maziko ya Bibi. Aliningoja nimalize. "Leo mi natangulia," alisema. "We fuata nyuma." Wakashika njia ya kushoto, na baada ya kona moja ukungu ukawameza.

Nilikaa kidogo nikajifuta uso, kisha nikafuata. Mbele, pale barabara mpya ya kwenda kwenye majumba inapokata kijia, kuna njiapanda ambayo siku zetu haikuwepo. Ukungu ulikuwa mzito, mshale wa buluu sikuuona. Nililoliona ni tawi bichi la mkaratusi, limelazwa kwenye njia ya kulia, mwisho wake umemenywa kwa meno madogo. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Huenda ni Goreti mdogo, amejifunza kwangu. Huenda ni Spesi, na Spesi ana kila haki ya kunipoteza. Lile la tatu sikulitamka hata moyoni. Nilikumbuka mtoto wa miaka saba aliyeona tawi lenye meno yangu, akajua linamtuma vibaya, akalifuata. Nikalitii tawi, nikashika njia iliyoachwa wazi. Baada ya hatua kama hamsini, sioni mbele wala nyuma, nikapiga makofi mawili. Mawili yakajibu mbele yangu, membamba, ya haraka, ya viganja vidogo. Nikasimama, nikazuia pumzi, nikangoja. Safari hii yalijibu kutoka upande mmoja tu.